Masufuria Yaliyofichwa kwa Bi Fatu

Jumamosi. Mvua imekatika saa mbili asubuhi, Manzese yote ni tope, na mimi nina hasira.

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Sijaandika neno katika ukurasa huu tangu kabla ya masika, na kwa wale mlioniuliza kama naumwa, nawashukuru, siumwi. Nimeanza mara nne na nimefuta mara nne, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi yaliyopangwa vizuri. Nilipokuwa darasani niliwafundisha watoto kwamba barua ya hasira huandikwa leo, ikalazwa, ikasomwa tena kesho kabla ya kutumwa. Nimeilaza siku nyingi. Kila nikiisoma, hasira ipo palepale.

Basi naandika hivyohivyo.

Kwa wasioijua kazi yangu ya uzeeni: baada ya kustaafu ualimu nilijiunga na ofisi ndogo inayosaidia familia zilizokwama katika umaskini. Nimekabidhiwa familia sita, za Manzese na za upande wa Mabibo. Kila familia naitembelea kila wiki kwa miaka mitatu. Sipeleki mchele wala sabuni. Napeleka daftari na swali: hapa nyumbani kuna nini tayari? Nani anajua kufanya kitu gani? Nani huitwa na majirani likitokea jambo? Kutoka hapo tunapanga pamoja, hatua kwa hatua, na familia ndiyo inayoamua.

Ni kazi ya polepole. Haipendezi katika picha.

Mama Rehema ni mmoja wa watu wangu. Wazazi wake walitoka Newala, yeye amekulia hapahapa mjini. Ana watoto watatu na chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi, na mume aliyesema anakwenda kutafuta kazi Morogoro akanyamaza moja kwa moja. Miezi minne ya mwanzo alinijibu neno moja tu: "Sina kitu, Mwalimu." Alilisema haraka, kama mtoto aliyekariri.

Nilikuja kujua kwa nini. Mitaa ile imepitiwa na waandikishaji wengi, kila mmoja na orodha yake ya maskini. Aliyekutwa na godoro zuri alikatwa jina. Aliyekutwa na redio alikatwa jina. Watu wakajifunza. Ikisikika kuna wageni wenye karatasi, vitu vinahama kwenda kwa jirani asiyehusika, na wageni wakishaondoka vinarudi. Hakuna anayeona haya kwa jambo hilo. Ni kama kuanua nguo mvua ikitanda.

Mwezi wa tano alifariki mzee mmoja mtaani nikaenda kuhani. Nyuma ya nyumba, kwenye moshi, nilimkuta Mama Rehema yuleyule wa "sina kitu" ameshika mwiko mrefu kama kasia, masufuria manne yanachemka mbele yake, wanawake kumi na zaidi wanamsikiliza.

"Nyie, mnapika au mnaoga moshi? Toa ukuni huo! We Asha, vitunguu hivyo unakata au unavibembeleza?"

Wakacheka, mikono ikaenda mbio. Mmoja akaniona nimesimama na khanga yangu ya msibani, akasema, "Mwalimu leo hana chaki, mpeni kisu amenye viazi." Nikamenya. Chakula cha watu wasiopungua mia tatu kilitoka kwa wakati, hakuna aliyekosa, hakuna kilichoungua. Bi Fatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliniambia bila kuinua macho kwamba shughuli zote za mtaa ule, za kheri na za msiba, hupikwa kwa amri ya Mama Rehema, na kwamba kuna watu huahirisha arusi kama yeye anaumwa.

Wiki iliyofuata nilifungua daftari nikaandika mbele yake: anajua kupika kwa ajili ya umati, anajua kukadiria, anajua kuongoza watu. Akanitazama kama nimemtania.

"Kupika msibani nako ni kazi, Mwalimu? Si ujirani tu huo?"

Tulihitaji karibu mwaka mzima kumfanya aamini. Alianza kuwapikia mafundi wa karakana za barabarani. Akajinunulia sufuria kubwa la kwanza, akalisugua mpaka unauona uso wako ndani yake, kisha la pili. Akashona aproni. Mwaka huu shule moja binafsi ya upande wa Mabibo ikatafuta mtu wa kupika chakula cha mchana cha wanafunzi. Mama Rehema akaenda kupima afya kama wapishi wote wanavyotakiwa, akapika siku moja ya majaribio, wakampenda. Mkuu wa shule akataka jambo moja tu: barua ya ofisi yetu kusema kwamba tunamfahamu na kwamba tutaendelea kuwa naye mwaka huu wa kwanza. Anaisubiri mpaka Ijumaa ijayo. Baada ya hapo atachukua mtu mwingine, na simlaumu, watoto lazima wale.

Barua hiyo haijatiwa sahihi. Sasa naeleza kwa nini.

Wageni walikuja kutoka kwa wafadhili, watu watatu wenye viatu visivyofaa kwa mitaa yetu. Mratibu wetu, kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, alichagua familia za kutembelewa, na ya Mama Rehema ikiwamo. Nilifurahi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilipiga pasi gauni langu la kitenge. Nilitaka wayaone yale masufuria.

Tulipoingia, chumba kilikuwa kitupu. Godoro hakuna. Jiko la mkaa hakuna. Masufuria hakuna, wala aproni msumarini. Sakafuni palikuwa na mkeka uliochanika ambao sijapata kuuona pale. Rehema, msichana wa kidato cha pili, alikuwa nyumbani siku ya shule, amejifunga khanga iliyopauka. Na Mama Rehema, jemadari wa moshi na miiko, ameketi chini, shavu juu ya kiganja.

Mgeni mmoja akauliza kwa upole, "Mama, mnakula nini?"

"Tunajaaliwa tu, mwanangu."

Mratibu akawa anapiga picha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuomba maji ya kunywa, au kusema jua ni kali, au kuwatoa wageni nje na kuwaeleza polepole mtaa huu umefundishwa nini na watu wenye karatasi. Badala yake ikanitoka sauti ya darasani, ile ya kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake.

"Mama Rehema! Masufuria yako wapi?"

Akautazama mkeka.

"Nakuuliza wewe. Masufuria yako wapi? Na godoro? Simama uyalete."

Akasimama. Akatoka. Akarudi na Bi Fatu, kila mmoja na sufuria kichwani, na nyuma yao Rehema anakokota godoro juu ya tope, kwa sababu mwalimu ameamuru. Wapangaji wote walikuwa mlangoni. Wageni wakatazamana. Bi Fatu akalitua sufuria miguuni pangu akasema, si kwa sauti kubwa:

"Haya, Mwalimu. Umetuvua nguo, sasa tazama."

Wakati ule bado nilijiona nina haki.

Siku tatu baadaye nikaitwa ofisini. Mratibu alikuwa ameshaandika: familia hii imefanya udanganyifu, faili lake lifungwe, asipewe barua yoyote ya utambulisho. Akanigeuzia karatasi niweke sahihi kama shahidi, kwa kuwa mimi ndiye "niliyegundua".

"Mama, utaratibu ni utaratibu," akasema. "Wageni wamekasirika. Nifanyeje mie?"

Nikamwambia siweki sahihi. Nikaenda moja kwa moja mpaka Manzese, na njiani hasira yangu yote ilikuwa juu ya Mama Rehema. Miaka miwili! Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia. Rehema alinikuta kwenye kona ya duka, akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu," kisha akanionyesha simu ya mama yake.

Ulikuwa ujumbe wa Mratibu, wa siku mbili kabla ya wageni. Alikuwa ameandika kwamba wageni wakiona mtu ameshatoboa wanahamisha msaada kwa wengine, kwa hiyo siku hiyo asipike, asiweke vitu vingi, na watoto wawepo.

Nimesoma ujumbe ule mara nyingi. Hauna lugha ya siri. Mtu aliyemwagiza afiche ndiye aliyeandika kwamba kuficha ni udanganyifu.

Nilirudi kwa Mratibu. Hakukana. Alisema kwamba aliwahi kufanya kazi mahali ambapo wageni waliona familia zimesimama, wakasema kazi imekwisha, wakaondoka mwaka mmoja kabla ya wakati, na nusu ya familia zile zikaanguka tena. "Mie nilikuwa nawalinda, Mama. Familia zote, si yake tu." Nadhani alisema kweli kuhusu hofu yake. Lakini mtu mwenye hofu huitaja hofu yake. Hamtupi mwanamke mwenye watoto watatu kwenye tope.

Nina hasira naye. Nina hasira na wageni, wanaofika saa moja kwa mwaka na kutaka kuona umaskini na mafanikio katika chumba kilekile. Nina hasira na wote waliopita mtaani kabla yetu na orodha zao, wakafundisha watu wazima kwamba ukionekana unaweza, utaachwa. Sisi tunakuja baadaye kuuliza "una nini?" na kushangaa watu wakisema "sina".

Na nina hasira na mimi mwenyewe. Hii ndiyo niliyoifuta mara nne.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, bara, huko kwenye baridi, tulipata habari kwamba mkaguzi anakuja. Shule yangu ilikuwa na watoto wanaokaa chini. Nikaazima madawati kwa shule jirani. Wazazi waliyabeba kwa mabega jioni, na asubuhi watoto wangu wakakaa wima kama wazungu kanisani. Mkaguzi alipita darasa la nne, akainama kuokota kalamu, na chini ya dawati akaona limeandikwa jina la shule nyingine. Nilimwona akilisoma. Akainuka, akaendelea kuuliza watoto hesabu. Hakuniambia kitu, si mbele ya watoto, si ofisini. Ripoti yake ilipokuja, kilichosisitizwa zaidi kilikuwa kwamba shule ile ipatiwe madawati haraka.

Mimi, niliyefichiwa aibu namna ile, nilimwambia Mama Rehema asimame ayalete.

Jana nilikwenda kumwomba radhi. Nilipiga hodi. Sauti yake ikajibu kutoka nyuma ya pazia, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nikangoja neno linalofuata, kwa sababu katika nchi hii linafuata hata kwa mgeni usiyempenda. Hakusema karibu.

Nikasema yangu nikiwa nimesimama nje, mlango wa kila mpangaji umefunguka kidogo. Nilifikiri ni haki, kwa kuwa nilimwaibisha mbele yao. Nilisema nimekosa, nilisema kosa lenyewe ni lipi, na sikuongeza "lakini". Nilisikia akisugua kitu.

"Masufuria ningeyarudisha jioni ileile, Mwalimu," akasema mwisho. "Sura yangu nairudishaje? Juzi kulikuwa na shughuli hapo kwa kina Asha. Wameita mpishi kutoka Sinza."

Nikamweleza kuhusu barua, kuhusu Ijumaa, kuhusu ule ujumbe ulio kwenye simu yake. Nikamwomba ruhusa ya kuusoma mbele ya kamati ya ofisi, yenye uamuzi wa mwisho juu ya faili lake. Akasema ujumbe ni wake na hautumi popote; hapa ukurasani nisimulie nikibadili majina, nami nimeyabadili. "Kijana wa watu ana mke na mtoto mchanga. Mie sitafuti mtu afukuzwe. Natafuta kupika."

Kamati inakaa Alhamisi, na nimeomba nafasi ya kusema. Bila ule ujumbe nitabaki na maneno yangu tu, na maneno yangu ni haya: kwamba mwanamke huyu hakudanganya zaidi ya mtaa mzima uliofundishwa kudanganya; kwamba sisi tuliahidi miaka mitatu na bado anatudai mmoja; na kwamba siku ile aliyekosa adabu katika chumba kile ni mimi. Mratibu atakuwa amekaa mbele yangu. Sitamtaja. Nitamtazama, na kama ana moyo, atasimama mwenyewe. Kama hatasimama, sijui nitaweza kufanya kazi chini yake hata wiki moja zaidi, na bado nina familia nyingine tano zinazoningoja Jumatatu. Kuondoka ni rahisi kwangu. Nina pensheni. Kwao mimi kuondoka ni mtu mwingine tena aliyekuja na daftari akapotea.

Sijaamua. Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili.

Alhamisi jioni nikitoka pale, barua iwe imetiwa sahihi au imekataliwa, niwe bado mtumishi wa ofisi ile au sivyo, nitaketi hapa niandike walivyoamua na nilivyoamua mimi, bila kufuta.