Ile Pete ya Mdomoni mwa Tangi

Geita,
Jumapili

Kwa Kaka Salehe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua huko Tanga chini ya magari ya watu. Macho ya mama yanaendeleaje? Mimi afya ninayo. Ningekuwa na jingine la kujisifia ningelitaja, lakini soma kwanza.

Huku nimezungukwa na wajinga. Niliandika hivyo mara ya mwisho na sifuti neno, ila sasa nimeongeza mtu mmoja kwenye orodha.

Unaikumbuka ile pikapu ya usukani wa kushoto, aliyoiacha mtaalamu Mmarekani hapa kwenye mradi wetu wa kutafuta dhahabu? Mwezi uliopita taa ya njano ya injini iliwaka kwenye dashibodi na haikuzimika. Nguvu nazo zikaisha. Kilima kidogo tu inakohoa, wachimbaji wanaipita kwa baiskeli na kutupungia mkono.

Meneja wetu, mtu asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi, akatoa hukumu palepale. Eti Mzee Masanja, dereva, anauza petroli kwa wachimbaji na kujazia mafuta ya taa. Ushahidi? "Si taa imewaka!" Akampa wiki mbili tu, kisha afungashe arudi kwao Didia. Mzee ameshika usukani tangu mimi sijui kushika spana, na bado ana watoto watatu shuleni.

Fundi mwenzangu Kulwa, aliyefanywa mkuu wa karakana kwa sababu ufunguo wa stoo unakaa mfukoni mwake, alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akapuliza chujio la hewa. Taa ilipozidi kumkodolea, akaibandika plasta ya kidonda. "Imepona," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nikaona hapa anahitajika mwanafunzi wa Salehe. Nikanusa tangi: petroli tupu, mafuta ya taa hakuna hata tone. Nikatoa kitabu cha gari, ambacho hakuna aliyewahi kukifungua, nami nikiwamo, maana nimezoea kutamba kwamba fundi wa kweli hasomi. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini picha zilinisaidia. Nikaunganisha matundu mawili kwa waya chini ya dashibodi kama kilivyoelekeza, taa ikaanza kupepesa, nikahesabu. Hesabu ile ni ya kifaa kinachopima moshi kwenye ekzosi. Nikakifungua, nikakikuta kimeganda ukoko wa kijivu. Nyuma yake kuna kopo la kusafishia moshi, nalo limeziba, ukipuliza huku hakitoki kitu kule. Injini ilikuwa inanyimwa pumzi.

Kitabu kikanipa na sababu. Gari hili linataka petroli isiyochanganywa na madini ya risasi, na petroli yetu yote inayo, ndiyo iliyoganda humo. Ili mtu asikosee, walioliunda waliweka pete nyembamba mdomoni mwa tangi, bomba la petroli ya risasi, ambalo ni nene zaidi, lisipite.

Kaka, pete hiyo niliing'oa mimi.

Siku tuliyokabidhiwa gari, bomba la pampu lilikataa kuingia na watu wamesimama wanatazama. Nikachukua tindo na nyundo. Mzee Masanja akaniambia, "Mwanangu, aliyeweka kaduara haka si mjinga. Tuulize kwanza." Nikamjibu mbele ya wote, "Wewe shika usukani, mambo ya chuma niachie mimi." Wakacheka, wakanipigia makofi, nami nikayapokea.

Basi nilipofunga kitabu nilimfuata Mzee Masanja akiwa anafuta kioo cha pikapu. Nikamwuliza, wiki zote hizi unaitwa mwizi, mbona hukunitaja?

Akakung'uta kitambaa. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

"Je, nisingejua?"

"Ungejua tu. Si wewe ndiye fundi?"

Aibu niliyoiona siwezi kuiandika. Nikaenda kwa meneja nikasema yote, petroli, risasi, pete na nyundo. Alichoelewa ni kwamba jina la mtu wa kufukuzwa limebadilika. Basi nimelikata lile kopo na kuchomelea bomba mahali pake, na pikapu inapanda vilima vizuri. Mzee Masanja amebaki kazini. Taa bado inawaka, kifaa kile kimekufa na kingine huku hakipatikani.

Nisalimie mama, na mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Msalimie shemeji, mkeo, na dada yetu mkubwa ambaye siku zote alisema mdomo wangu utaniponza. Mwambie asifurahi mapema, si mdomo, ilikuwa nyundo. Nitafutie nafasi hapo karakana kwako, hata ya kuosha vyuma.

Ijumaa napanda treni Shinyanga. Anayenipeleka stesheni ni Mzee Masanja, kwa pikapu hiyohiyo. Ile plasta ya Kulwa nimeshaibandua, kwa hiyo taa itanitazama njia nzima.

Mdogo wako,
Athumani