Siku Niliyohama Mstari

Mjukuu wangu Nekesa,

Salamu kutoka Eldoret. Sisi wazima, na mahindi ya babako mwaka huu yamebeba vizuri. Umeniuliza kama tulikuwa huru miaka ile ya chama kimoja. Nitakujibu kwa siku ya kura ya mlolongo.

Kura haikuwa ya siri. Ulisimama nyuma ya picha ya mtu wako, kila mtu akikuona. Nilikuwa nimechoka, babako Wafula mgongoni ana homa. Naibu wa chifu alikuwa ameshatuambia sisi watu wa soko tupange foleni nyuma ya mheshimiwa, mbunge wetu, la sivyo tusahau vibanda. Nikapanga. Lakini mheshimiwa huyo ndiye aliyenyakua shamba la shule yetu, na moyo ukakataa kutulia. Nikahamia mstari mfupi wa mshindani wake.

"Mama Wafula, umepotea line?" naibu akaniuliza, watu wakacheka.

"Sijapotea, Mzee. Ndio nimefika."

Mama Halima mwenye duka, aliyekuwa nyuma yangu kule kwa mheshimiwa, akanifuata. "Leta mtoto nikubebee," akasema. "Na simama wima, wanatuangalia."

Tulishindwa, na kibanda nikanyang'anywa. Mama Halima akanipa baraza ya duka lake, nikauza mboga hapo mpaka babako akamaliza shule. Namshukuru mpaka leo.

Serikali haikuwa yetu, mama, sitakudanganya. Lakini asubuhi ile nilijiamulia pa kusimama, na mtu mmoja akanifuata bila kutumwa na chifu.

Kula vizuri huko.

Nyanya yako