Mpiganaji wa Miguu Miwili ya Kushoto

Mama, shikamoo.

Maharage yako jikoni, yamebaki kutiwa nazi. Mkaa nimeuingiza ndani. Hiki kikaratasi nimekiweka chini ya kawa ili Najma akirudi chuo cha Kurani asikione kabla yako.

Najua asubuhi umeondoka na hasira. Mie nilikuwa natania tu. Najma kaniletea mdoli wa yule mpiganaji wake, ananiuliza, "Kaka, mbona kwenye gemu nywele zake njano, huyu nyeusi?" Nikamwambia kapaka piko kwa ajili ya Idi. Hata wewe ulicheka. Nikaendelea kukagua: rangi ya mkanda imevujia tumboni, miguu yote miwili ya kushoto. Nilipojaribu kukunja kiwiko, mkono ukachomoka. Hapo ukanikaripia: "Baba'ko kautuma toka Maskati kwa mapenzi, wewe unajifanya ofisa forodha!"

Mama, Jumamosi niliiona mingine kama huo imening'inia sokoni Tandika. Yote ina miguu miwili ya kushoto.

Nilinyamaza kwa sababu Najma alikuwa anasikiliza. Mkono nimeugundisha, mwambie asiuguse mpaka gundi ikauke. Mwambie pia Baba anajua kuchagua.

~~Msinibakizie chakula.~~ Nibakizieni, nitachelewa.

Ila mtoto akishalala, nijibu mie. Viatu vyangu vya kuanzia sekondari, ile saa ya mkononi, shati la kila Idi: Baba alituma kipi, hata kimoja? Maana kwa kila kimoja nilimwombea dua yeye, na wewe ulikaa pembeni yangu ukaitikia amina.

Mwanao wa kwanza,
Muntasir