Honi Tatu za Gari la Maziwa

MAELEZO YA SHAHIDI WA NNE
Jina: limehifadhiwa kwa usalama wake
Umri: miaka 41
Jinsia: mke
Elimu: kidato cha nne
Kazi: karani wa kituo cha kukusanyia maziwa
Makazi: kijijini, nyumba ya pili kutoka kituoni

Ninasema kwa hiari yangu, nikisaidiwa na shajara yangu, ambayo nimemkabidhi askari anayeandika.

Mnamo Jumanne, tarehe 14 Machi, asubuhi ilikuwa ya baridi na ukungu mzito. Ukisimama mlangoni pa kituo hukuliona lango. Nilifungua saa kumi na mbili kamili. Nilisuuza ndoo za kupimia, nikaanika kitambaa cha kuchujia katika chumba cha nyuma kwa kuwa kilikuwa kibichi.

Nyumba zetu zimetawanyika mlimani. Tangu vita vianze tulikubaliana watu wasikae barabarani kungoja gari. Kila mtu hubaki kwake mpaka nipige kengele, ambayo ni rimu ya gurudumu iliyotundikwa kwa mnyororo. Nikiipiga, kila nyumba hutoa mtu na dumu lake. Tuliona hiyo ndiyo salama yetu.

Gari huja saa moja na nusu. Dereva wake tunamwita Polepole, na jina hilo hakulipata bure. Siku hiyo nilisikia injini yake saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ile injini naijua, hukohoa ikipanda kona ya mwisho. Kisha nikasikia honi, ndefu, mara tatu. Niliandika: "12.40. Polepole kawahi. Honi tatu. Leo ana nini?" Nilicheka peke yangu. Nikatoka, nikapiga kengele kabla sijaliona gari lenyewe.

Askari ameniuliza ni nani aliyeniamuru kupiga. Hakuna aliyeniamuru. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Gari lilitambaa kwenye ukungu likachelewa kufika langoni, watu wakalitangulia. Wa kwanza alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Alisema, "Karani, kengele yako imeamka na wazimu? Ng'ombe hata sijammaliza." Nikamwambia, "Mlaumu Polepole, leo ameota mbawa." Akasema, "Huyo? Labda mkewe kamfukuza." Waliokuwa nyuma yake walicheka. Foleni ilikuwa imeshapita ukuta wa kituo.

Gari liliposimama niliingia chumba cha nyuma kuanua kitambaa. Nikiwa humo nilisikia turubai likivutwa, na viatu vingi vikishuka kwa pamoja. Sauti ya mwanamume ilisema, "Kaeni kwenye foleni hivyo hivyo." Wifi yangu akauliza, "Kaka, nyie ni wa maziwa?" Risasi zikaanza.

Niliingia kwenye tangi la kupozea maziwa lililokuwa humo, tupu, nikavuta mfuniko. Saa yangu ya mkononi ina mishale inayong'aa gizani. Risasi zilichukua dakika nne. Baadaye zikawa moja moja.

Ndani ya tangi ndipo nilipokumbuka. Tarehe 2 Juni ya mwaka jana nilimwuliza Polepole kwa nini hapigi honi kama madereva wenzake. Alinijibu, "Honi ni ya wasio na subira, mama. Siku ukinisikia napiga honi, fungeni milango." Tulicheka, na jioni nikaliandika neno lake. Ukurasa huo nimeukunja pembe.

Nilitoka saa mbili na dakika kumi. Gari halikuwepo. Niliwatazama watu lakini sikuweza kuwahesabu, hivyo nilihesabu madumu. Yalikuwa thelathini na moja, mengine bado yamesimama kwenye mstari. Wifi yangu alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Nilimfunika kwa kitambaa cha kuchujia. Hakikumtosha.

Polepole alikamatwa siku mbili baadaye, yumo mahabusu hapa kituo cha polisi. Watu wanasema alituuza. Nimeambiwa anajitetea kwamba aliwekewa bunduki ubavuni na akapiga honi ili kutuonya, na kwamba hakuna wa kumsadiki, maana waliokuwa karibu na barabara wamekufa. Mimi niliisikia. Nimeiandika kwa mkono wangu, na dakika yake.

Jana mama mkwe wangu aliniambia, "Mwanangu, sema walikulazimisha. Huyo dereva si ndugu yako. Ukiitaja honi, watu watasema ulionywa ukanyamaza." Nilimjibu, "Mama, sikunyamaza. Nilipiga kengele." Alinipigia pasi gauni hili la kuja nalo.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Siku ile sikulala, wala iliyofuata. Nilipata usingizi Alhamisi, saa nane na dakika ishirini mchana, sakafuni kwa mama mkwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa yote, nayakiri kuwa yangu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya askari: Nimeandika haya kama yalivyosemwa na kupokea shajara moja, jalada la bluu, kama kielelezo. Nilimwuliza shahidi mara mbili kama angependa kubadilisha sehemu ya kengele. Alisema hapana. Alinirekebisha mahali pamoja tu: nilikuwa nimeandika dakika arobaini na tano, akasema ni arobaini.