Maziwa ya Mama Mkwe

Jumapili, siku ya thelathini na moja

Sijawashwa! Tangu mchana najikagua mikono, hakuna hata kipele kimoja.

Mwezi mzima bila maziwa, ngano, mayai wala karanga, ili tujue chakula gani kinanitoa vipele. Mama mkwe yeye aliona jambo moja tu: mkazamwana anakataa maziwa ya ng'ombe wake. Kwetu hilo ni tusi.

Leo kaja hapa nyumbani Kicukiro na kidumu chake cha maziwa. Daktari alisema nianze kujaribu maziwa kwa nusu kikombe. Nimekunywa vikombe viwili, nikalamba midomo. Mama akapiga makofi: "Kumbe unatupenda!"

Nacheka peke yangu kama mwehu. Yeye kalala chumba cha pili. Nikiwashwa usiku huu, nitajikuna kimyakimya.