Harufu ya Koti la Baba

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kaleta kazi mpya pale karakanani kwetu, tunakochanganya manukato: manukato ya farasi! Ngozi ya tandiko, nyasi kavu, upepo wa mbio. "Lakini yasinuke farasi," kasema. Sawa na kuagiza vitunguu visivyotoa machozi. Kanikabidhi mimi, binti wa mtunza farasi. Nikacheka, kisha nikaenda chooni kulia. Baba tumemzika juzi juzi tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimepita bandani. Farasi jike wa Baba — yule ambaye Mama humwita "mke mwenzangu" — bado hali chakula. Mbavu zinahesabika. Daktari wa mifugo anasema haumwi popote, anamsubiri mtu wake. Akiendelea hivi hadi Jumapili, ni sindano ya kumlaza milele tu, asiteseke.

Baba alizoea kusema farasi macho yake yako puani. Nikakumbuka koti lake la kazi! Mbio hadi nyumbani. Koti liko kambani, linachuruzika maji. Mama kalifua. Kalisuuza mara mbili, eti nilikute safi. Nikamwambia nilifuata harufu ya Baba, jike ainuse apate kula. Tulikaa kizingitini, tukalia wote wawili.

Alhamisi, 7 Machi
Kama harufu imefuliwa, nitaichanganya upya. Ngozi, tumbaku, nyasi, mafuta ya tandiko, moshi kidogo. Inanuka banda. Hainuki Baba. Bosi kapita, kanusa, kapiga makofi — hiyo hiyo, tutie kwenye chupa! Afadhali angenizaba kofi. Kuna kitu kimepungua na sikijui. Baba yangu mwenyewe, na sikijui!

Ijumaa, 8 Machi
Mama kaja kazini. Hajawahi! Kanusa vikaratasi vyangu vya kujaribia harufu kimoja kimoja, kavirudisha kama nyanya mbovu. "Mwanangu, karafuu iko wapi? Na jino lake lile?"

Jino! Miaka yote Baba alikuwa na punje ya karafuu shavuni, ya kutuliza jino. Nikatia tone moja. Mama akanusa, akashika meza. 

Jumapili, 10 Machi
Naandika humu bandani, nimekalia ndoo. Nimevaa koti, nimelipaka manukato, mikono yake imenizidi urefu. Daktari keshafika. Mkoba kauweka chini.

Nilipoingia tu, masikio ya jike yakasimama! Akaja mwenyewe, akatia pua shingoni mwangu, akavuta pumzi ndefu. Akatoa ile sauti ya kooni aliyomwekea Baba peke yake. Mama akambembeleza, kula, mke mwenzangu, kula. Nikamnyooshea pumba kiganjani.

Hakula. Kaninusa mgongo, kaninusa mikono, kisha akaniacha. Sasa kasimama, kaelekeza kichwa mlangoni. Moyo wangu! Kwa harufu hii nimemwambia kwamba Baba anakuja.

Daktari anauliza, tungoje kidogo? Mama naye anatazama mlango. Daktari ananigeukia mimi.  Kila upepo ukigusa mlango, nami nageuka.