Miti Mitatu ya Mama Riziki

Maître Asukulu,

Nianze na habari za nyumbani, maana nakujua: ukisikia mtu anaanza na machozi, unatafuta kofia yako uondoke. Wote wazima. Mama Sifa, mke wako, amenenepa, na ukimwambia anajibu kwamba ni huzuni. Huzuni gani hiyo inayomaliza samaki wawili wa mukeke kwa mlo mmoja, mimi sijui. Juzi nilimkuta Lweba, pale tulipokuzika, amekaa pembeni ya kaburi anamenya mihogo na kukuhadithia mambo ya majirani. Nilimsalimu, akanijibu ningoje kidogo, alikuwa hajakumalizia habari ya harusi. Kwa hiyo najua huko uliko hukosi magazeti.

Sasa habari zangu. Tangu ulipotuacha, mimi ndiye wakili mkuu wa mji katika kesi za madai. Wamenipa meza yako na kiti chako, na kile kiti, Maître, kina mguu mmoja mfupi! Miaka yote ile tulikuona umeegemea ukuta kama mtu mwenye mawazo mazito, kumbe ulikuwa unajizuia usianguke. Nimekitilia kipande cha ndala ya zamani. Sasa nakaa sawa, lakini watu wanasema sionekani tena kama mtu anayefikiri.

Kazi ni ileile. Wenye hasira na mji wanaushitaki mji, na mimi ndiye mji. Wiki iliyopita mzee mmoja alitudai fidia kwa sababu barabara imepewa jina la mjomba wake bila familia kuombwa ruhusa, na bila hata katoni moja ya bia. Nikamuuliza kama anataka jina lifutwe. Akaruka: "Apana! Jina libakie. Mi nataka tu bia." Tulicheka hadi karani akaangusha kalamu, na mzee naye akacheka, kisha akasema bado hajafuta mashitaka.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya bia. Kuna jambo nimelifanya, Maître, na wewe ndiye wa kwanza niliyepaswa kumwambia.

Unakumbuka kijito kile kinachoshuka nyuma ya soko, upande wa ziwa? Mvua zikinyesha maji yanaingia darasani kwenye shule ya msingi, batoto wanapandisha miguu juu ya madawati na mwalimu anaendelea kufundisha kutoka juu ya kiti. Mji ukaamua kuchimba mtaro. Mtaro wenyewe, kama ulivyochorwa, unapita kwenye pembe ya kiwanja cha Mama Riziki, yule muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mama Riziki akatushitaki. Akasema pembe ile ni yake, mpaka uliwekwa zamani na pande zote mbili zilikubali, lakini karatasi yake aliipoteza siku walizokimbia vita. Kwenye ofisi tulitafuta, hatukupata kitu. Mkubwa wetu akaniambia: "Maître Neema, kama hakuna karatasi, hakuna mupaka. Andika." Nikaandika.

Niliandika vizuri, ukiniruhusu kujisifu. Kurasa sita. Na kwenye ukurasa wa pili, kwa mkono wangu mwenyewe, niliweka sentensi hii: "Hakuna mpaka wowote uliowahi kuwekwa mahali hapo kati ya mlalamikaji na mji." Niliisoma kwa sauti mara mbili, nikaona imekaa vizuri, nikapiga muhuri.

Sikwenda kupaona. Naona unavyonitazama. Mimi niliyekufuata miaka tisa kwa miguu kutoka hapa mpaka vilima vya Fizi, wewe mbele na mabuti ya plastiki, viatu vyako vyeusi umevitia ndani ya mfuko, ukifika unaosha miguu kwenye mtaro wa watu, unavaa viatu, ndipo unawasalimu. Ulizoea kuniambia: "Neema, dosie haina miguu. We iko nayo." Dosie hii, jalada zima la kesi, niliisoma nimekaa, chai mkononi, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na nywele mpya. Huo ndio ukweli wote, sina mwingine wa heshima zaidi.

Hakimu yeye alitaka kupaona. Akapanga siku, tukaenda wote: yeye, karani wake, wakili wa Mama Riziki, mkubwa wetu, na mimi na joho langu chini ya kwapa. Tulipita upande wa soko, katikati ya nyumba mpya, na mtaa huo una jina jipya nisilolijua. Mimi natembea mbele naonyeshaonyesha kama mwenye nyumba. Tukazunguka ukuta wa mwisho, na pale mbele ya ziwa nikaona miti mitatu.

Ile miti ya mpaka ambayo watu wetu wanapanda, ile ambayo hata ukiikata inarudi kuota. Mitatu, kwa mstari, imenenepa. Maître, miguu yangu ilijua kabla ya kichwa.

Zamani pale palikuwa matete matupu, na tulipafikia kutokea ufukweni. Mimi nilikuwa nimetoka chuo, mwezi wa pili wa mazoezi kwako, na blauzi nyeupe niliyonunuliwa na mama yangu. Mlikuwa watatu: wewe kwa niaba ya mji, Mama Riziki, na mzee wa mtaa, Mungu amrehemu naye. Mlibishana asubuhi nzima, mkasogea hatua mbili huku na hatua moja kule, mkakubaliana. Mkachimba mashimo matatu. Kabla ya kupanda ukauliza: "Mudogo wa hapa njo nani?" Wote mkanitazama mimi. Ukachota udongo wa lile shimo la katikati, umelowa, mweusi, ukaujaza kwenye mikono yangu yote miwili. Ukasema: "Shika muzuri. Sisi batatu tutakufa mbele yako, we utabakia. We njo karatasi yetu."

Ndivyo wanavyofanya wazee wakipanda mpaka, mdogo ndiye anashikishwa udongo, lakini mimi nilikuwa msomi, nilijiona nimedharauliwa. Nilishikilia ule udongo nikiwazia blauzi yangu. Mlipomaliza niliosha mikono ziwani na nikasahau kila kitu, ila doa la blauzi halikutoka. Nakala yako ya makubaliano yale, nimekuja kumuuliza Mama Sifa, ililiwa na mchwa nyumbani kwako pamoja na cheti chako cha ubatizo.

Basi nimesimama pale. Hakimu anauliza upande wa mji una lipi la kusema kuhusu miti hii. Mkubwa wetu ananigusa kiwiko, ananong'ona: "Sema imeota yenyewe." Na Mama Riziki ananitazama. Amezeeka, Maître, jicho moja limeingia ukungu, lakini lile lingine linatosha. Hakunionyesha kidole, hakupiga kelele. Akamwambia hakimu, taratibu kabisa: "Mi sina karatasi, mukubwa. Muulize ule mutoto wa Maître Asukulu kama udongo ulitoka ku mikono yake."

Unajua sheria kuliko mimi. Wakili hawezi kuwa shahidi dhidi ya mteja wake. Lakini pia siwezi kusimama na kusema sijui kitu ninachokijua. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi yenyewe ndiyo hiyo tunayoigombania. Nikamwomba hakimu siku saba, nikasema mji unahitaji kuangalia upya maandiko yake. Akanipa. Mkubwa wetu hakuniongelesha njia nzima, na anavyopenda kuongea, hilo peke yake lilikuwa adhabu.

Siku ya pili mwenzetu mmoja wa baraza la mawakili akanijia na ushauri mtamu. "Neema, nipe mimi ile dosie. Mimi sijui kitu. Nitasema hakuna mupaka na moyo mweupe." Nilifikiria, sikufichi. Nilifikiria usiku mzima na asubuhi yake. Mji ungeshinda, shule ingekauka, mkubwa angenicheka tena. Nani angejua? Mama Riziki angejua, na mimi. Na ningekuwa nimeutafutia uongo wangu mdomo wa kuazima. Wewe ulipenda kusema kwamba siri ya mteja ni ya mteja, lakini uongo ukishautamka ni wako, hata ulipwe. Nikamwambia mwenzetu aksanti, abaki na moyo wake mweupe.

Nikaenda kwa mkubwa, nikafunga mlango, nikamwambia yote: udongo, blauzi, mzee wa mtaa, wewe. Nikamwambia sitaisema tena ile sentensi, wala sitampa mwingine aiseme bila yeye kujua ni ya uongo. Akitaka kunitoa, anitoe. Maître, nilishika ukingo wa meza yake. Yeye akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Asukulu mwenyewe alipanda? Na mikono yake?" Nikasema ndiyo. Akashika kichwa: "Ule muzee! Sasa mi nitabishana na ule muzee namna gani?" Akaanza kucheka, nami nikacheka, na woga ukanitoka.

Halafu nilifanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilichukua mabuti, nikamchukua fundi wa mtaro na kamba yake, tukaenda kwa miguu kutokea ufukweni. Tukapima nje ya miti, upande wa mji. Fundi akakuna kichwa, akapima tena, akasema mtaro unaweza kupita huko, utazunguka kidogo tu, hatua thelathini hivi. Miaka yote hiyo njia ilikuwapo! Hakuna aliyekuwa ameiona kwa sababu mchoro ulifanywa mezani, na mimi niliutetea mezani.

Mama Riziki hakukubali haraka, usifikiri. Alitaka kifuniko cha zege juu ya mtaro mbele ya mlango wake, ili apite na beseni lake la ndagala bila kuruka kama chura. Mkubwa akasema kifuniko kimoja. Mama akasema viwili. Wakili wake akamwambia kimoja kinatosha, mama akamgeukia: "We njo uko unabeba beseni?" Ikawa viwili.

Siku ya saba tukarudi mahakamani na makubaliano yetu. Hakimu alikuwa tayari kuyapokea tu na kutufukuza, watu walikuwa wengi. Lakini mimi nilisimama. Mapatano yalikuwa yameshasainiwa, hakuna aliyenilazimisha. Mkubwa mwenyewe alikuwa amenikubalia, huku akitazama dirishani. Nikamwomba karani afungue ukurasa wa pili wa maandiko yangu, na nikasema kwamba sentensi ile si kweli, niliiandika bila kwenda kuona, naomba ifutwe. Karani akaniuliza aandike sababu gani. Nikasema: andika kwamba mpaka ulipandwa mbele ya Maître Asukulu na kwamba upo.

Na hapo ndipo nililia, Maître. Kwenye mazishi yako sikulia. Nilisoma hotuba, nilipanga viti, nilihesabu sahani, watu wakasema Neema ana moyo mgumu. Nilingoja mpaka mahakama imejaa, joho mwilini, karani anaandika jina lako herufi kwa herufi na mimi namwambia ni "k" moja, "k" moja tu, na machozi yanashuka, na ninacheka. Hakimu akajifanya anatafuta miwani yake. Mama Riziki akanipa ncha ya kitenge chake nijifute, ikinuka ndagala, na nilijifuta vizuri.

Nilikukosa sana siku ile. Ninakukosa hata sasa. Nilitaka utoke nje pamoja nami, uvue viatu vyako vyeusi uvitie kwenye mfuko, uniambie kwamba nimechelewa, kisha tukale bukari pale kwa mama wa kona ambaye bado anauliza kwa nini hujalipia soda yako.

Mtaro umechimbwa. Mvua ya juzi niliisikiliza kitandani, asubuhi nikapita shuleni. Batoto walikuwa na miguu chini, na kelele zilizokuwa mle ndani ungeziba masikio.

Sasa ahadi yangu, na nimeifikiria. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea. Nina kesi kumi na moja na kichwa kimoja. Nakuahidi kwamba siku nitakapokosea, nitasimama mimi mwenyewe na kusema, kabla mwenye macho mabovu kuliko yangu hajalazimika kunitazama vile.

Pumzika, Maître. Msikilize Mama Sifa anapokuhadithia, hata yale ya harusi. Barua hii nayo ina makosa, najua, na najua mkono wako unawasha kuyasahihisha. Ya leo iache hivyo hivyo.

Wako,
Neema